Vyombo vya Kufukuzia Maji

Maji ya mepo yakitoka mtini hayana utamu wa kumshtua mtu. Ukipewa kikombe bila kuambiwa, utakunywa ukidhani ni maji ya kawaida, na utamu utauhisi baadaye, ukiwa umeshameza. Mepo, kwa asiyeujua, ni mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, na sukari iliyomo katika maji yake ni kama asilimia mbili tu. Mwaka 1946 C. H. Jones wa Chuo Kikuu cha Vermont aliwapa wakulima hesabu ya kichwani: chukua 86, igawanye kwa asilimia ya sukari, na jibu ndilo galoni za maji ya mti zinazohitajika kupata galoni moja ya shira. Kwa asilimia mbili unapata 43. Maana yake galoni 42 sharti zifukuzwe.

Zifukuzwe vipi, kwa kuni za nani na mgongo wa nani: kila chombo cha kazi hii kilitengenezwa kujibu swali hilo. Mimi nililijua ghalani kwa mzee mmoja wa kaskazini mwa Vermont, aliyeamua kuuza vyombo vyake vya zamani kabla wanawe hawajavitupa. Alitaka mtu mwenye mgongo mzima na mwandiko unaosomeka, wa kumshushia vitu kutoka darini na kumwandikia orodha ya mnada. Nilikuwa nimehamia Burlington kutoka Pangani, kazi yangu ilikuwa ya usiku, na mchana sikuwa na shughuli. Aliyenipeleka ni jirani yangu, mama mmoja kutoka Uvira, aliyekuwa akimfanyia mzee usafi wa nyumba.

Mzee hakutaka niandike "ndoo" halafu nisogee mbele. Kila kitu alikishika kwanza, akakigeuza, akanieleza watu walikuwa wakiteseka vipi kabla hakijapatikana. Ilikuwa Machi, msimu wenyewe. Usiku maji yanaganda, mchana jua linayeyusha, na kupanda na kushuka huko kwa joto ndiko kunakoufanya mti utoe maji. Usiku ukiacha kuganda, kazi imekwisha. Ndiyo maana msimu mzima ni wiki chache tu kati ya Februari na Aprili, na ndiyo maana chombo kizembe hakina nafasi.

Kitu kikongwe kuliko vyote kilikuwa kihori cha gogo, kimeliwa na wadudu upande mmoja. Walowezi wa Kizungu waliviweka vihori kama hivyo chini ya mti, baada ya kuukata mti kwa shoka na kupachika kibanzi kwenye jeraha ili maji yachuruzike. Kugema kwenyewe walikukuta kwa Waabenaki na mataifa mengine ya wenyeji, waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kutoka huku mashariki hadi Maziwa Makuu ya huko. Wenyeji walikuwa na chombo chepesi kuliko kihori: gome la mti wa bechi, lililobanduliwa, likakunjwa pembe, likashonwa kwa mizizi, na maungio yakazibwa kwa ulimbo. Mtu mmoja aliweza kubeba rundo zima la vyombo hivyo. Maji waliyafukuza kwa mawe ya moto yaliyotumbukizwa ndani, na pia kwa baridi. Usiku maji yanaganda juu, asubuhi unatupa barafu, na yaliyobaki chini yana sukari zaidi. Ukirudia, umeondoa maji mengi bila kukata hata kijiti. Mwisho wake walipika hadi ikawa sukari kavu, kwa sababu sukari kavu inabebeka na haichachi.

"Hawa walikuwa na akili," Mzee alisema. "Babu zangu walikuja na chuma, wakasahau kwamba baridi ni bure."

Chuma chenyewe kilikuwa vyungu vitatu vya kusubu, kimoja kina ufa. Zamani vilining'inizwa kwa minyororo kwenye boriti, juu ya moto wa wazi, huko huko msituni. Maji mabichi yaliingia chungu cha kwanza. Yakipungua yalihamishwa kwa upawa hadi cha pili, na cha tatu ndicho kilichomalizia. Majivu yalidondokea humo, na majani makavu, na kilichotoka kilikuwa cheusi chenye harufu ya moshi, kwa kuwa maji ya asubuhi yalikuwa bado yanaungua jioni pamoja na yaliyoongezwa mchana. Tena chungu kina tumbo la duara. Moto unalamba kitako, unapanda pembeni, unakwenda zake. "Nusu ya kuni waliwapashia ndege joto," Mzee akasema. Nikaandika: vyungu 3, kimoja kibovu.

Vyungu hivyo vilinishughulisha kuliko alivyotarajia. Mwaka 1791 daktari wa Philadelphia, Benjamin Rush, alimwandikia Thomas Jefferson maelezo marefu kuhusu mti huu. Alitaja njia tatu za kupata sukari: kugandisha, kuyaacha maji yapotee hewani yenyewe, na kuchemsha. Lakini shabaha yake haikuwa jikoni. Sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi ilitoka mikononi mwa watumwa, na Rush pamoja na Wakristo wa Kikweka waliopinga utumwa walitumaini kwamba familia ya mkulima, yenye vyungu vyake na shoka lake, ingeweza kuiondoa sukari hiyo sokoni. Jefferson, ambaye alikuwa na watumwa wake mwenyewe, alilichangamkia jambo hilo, akaagiza miche ya mepo ipandwe Monticello, Virginia. Mingi ilikufa.

Kwetu Pangani, katika karne ya 19, miwa ya bondeni ililimwa na watumwa pia. Nimekua nikijua hivyo, kama watoto wa kule wanavyojua mambo ambayo hakuna anayewakalisha chini kuwasimulia. Sikujua kwamba upande wa pili wa dunia kulikuwa na watu waliodhani sukari ya namna hiyo ingeweza kuangushwa kwa chungu. Nia ilikuwepo. Chombo ndicho kilichokosekana: huwezi kushindana na shamba la miwa ikiwa kila galoni yako moja inadai galoni 42 zichemshwe juu ya moto ambao nusu yake unakwenda kwa ndege. Tunaohubiri nia njema, mimi nikiwemo, huwa hatuulizi mapema kuni zitatoka wapi.

Ndoo zilijaza dari. Za mbao ndizo za zamani, vibao vilivyobanwa kwa pete za chuma, na kibao kimoja kimezidi vingine urefu ili kitobolewe tundu la kutundikia msumarini. Zikikaa kiangazi kizima vibao vinasinyaa na ndoo inavuja kila upande, hivyo kabla ya msimu zilirowekwa hadi zivimbe. Mrija wa kutolea maji mtini ulikuwa kijiti chenye kiini laini, kilichotobolewa kwa waya uliopashwa moto. Baadaye ikaja mirija ya chuma yenye kulabu ya kuning'inizia ndoo, halafu ndoo za bati zenye vifuniko, nyepesi, zisizohitaji kulowekwa. Vyote hivi vinaonekana vidogo. Kwa mtu mwenye miti mia kadhaa, kulabu ile peke yake ilimwondolea misumari mia kadhaa.

Palikuwa na mzegazega. Niliujua mara moja, ingawa wa Mzee ulikuwa umechongwa ubonde wa kuingia shingoni na kulalia mabega yote mawili, tofauti na ule mti mnyoofu wa kwetu. Nilitaka kuujaribu. Nikajaza ndoo mbili pale kwenye bomba la uani, nikaanza safari ya kuzunguka ghala. Theluji ya Machi ina ganda juu: inakubeba hatua mbili, ya tatu inakatika, mguu unazama hadi gotini na mwingine umebaki juu. Ndoo ya upande wa chini inagonga theluji, ya upande wa juu inayumba, maji yanakuingia kwenye buti, na ni maji ya barafu. Nilifika na ndoo moja na nusu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Hiyo ni miti miwili," akasema. "Baba alikuwa na mia nne. Na asubuhi yake zimejaa tena."

Tangu hapo nikaacha kuyadharau yale matangi ya kuburuzwa na farasi ambayo nilikuwa nimeyapita bila kuyatazama. Mzee mwenyewe aliwapenda farasi wake, kwa sababu walijua njia na walisimama penye mti bila kuambiwa. Ndoo hakuzipenda hata kidogo. Wanaonunua ndoo kuukuu kwenye minada, na hili nililiona baadaye kwa macho yangu, ni watu ambao hawakuzibeba.

Nitalipita haraka sanduku la keekee na misumeno, isipokuwa ubao mmoja aliouweka juu ya meza. Ulipasuliwa kutoka mepo uliogemwa miaka mingi. Katikati ya mbao nyeupe kulikuwa na michirizi ya kahawia, mirefu, imepanda juu na kushuka chini ya kila tundu la zamani. Mti hauponyi tundu. Unalizungushia mbao mpya na kulifungia ndani, na sehemu ile iliyobadilika rangi haipitishi maji tena. Shoka liliacha jeraha ambalo mti ulichukua miaka kulifunika. Keekee ilipunguza jeraha likawa tundu, na mirija ya siku hizi inahitaji tundu la milimita nane tu. Mzee alinionyesha kwa kidole tundu la babu, la baba, na lake. Yalikuwa yanapungua upana.

Chombo ambacho hakikuingia kwenye orodha kilikuwa ng'ambo ya ua, kwenye banda lenye paa lililofunguliwa kileleni ili mvuke utoke. Mwaka 1858 D. M. Cook wa Ohio alipata hataza ya sinia bapa lenye vizuizi ndani, lililotumika sana kwa shira ya mtama mtamu. Watu wa mepo wakaliona wakalitamani. Kufikia mwisho wa karne ile Vermont ilikuwa na watengenezaji wake, Grimm wa Rutland na Leader wa Enosburg Falls, na mtambo wa Mzee ulikuwa wa ukoo huo. Jiko refu la chuma limebeba masinia mawili. La nyuma limekunjwa kitako chake kwa mifereji mirefu inayoning'inia ndani ya njia ya moto, hivyo moto ukielekea kwenye dohani unalazimika kupita katikati ya mikunjo na kuyagusa maji pande zote. La mbele ni bapa, limegawanywa kwa kuta fupi. Maji mabichi yanaingia nyuma kupitia vali yenye boya: yakipungua boya linashuka, mlango unafunguka, yanaingia mengine. Hakuna anayehamisha kwa upawa. Yanapoingia yanayasukuma yaliyotangulia, na kadiri yanavyosogea kutoka chumba hadi chumba yanakuwa mazito, mpaka chumba cha mwisho, penye bomba la kutolea, ndipo palipo na shira.

Ukikiangalia vizuri, ni vile vyungu vitatu, vimelazwa na kuunganishwa. Tofauti ni kwamba tone moja halikai motoni kutwa. Linaingia, linapita, linatoka likiwa bado na rangi ya dhahabu, na kuni zilizokuwa zikiwapashia ndege joto sasa zinachemsha maji.

Aliniruhusu kukaa naye usiku mmoja wa kupika, na jirani yangu wa Uvira akaja na bintiye. Kazi ni ya kusimama. Mlango wa jiko unafunguliwa kila baada ya dakika chache, kuni nyembamba zilizokauka zinarushwa ndani, unafungwa upesi usiingize baridi. Mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia Mzee kabla sijamwona. Ghafla povu likapanda sinia la mbele, likafika ukingoni. Mzee hakukimbia, alichukua kibonge cha siagi kidogo kuliko punje ya hindi, akakidondosha, na povu lote likalala. Kina cha maji sinia la mbele hakizidi sana sentimita mbili tatu. Likikauka, bati linaungua mara moja na msimu wako umeishia hapo.

Kipimajoto kilikuwepo, na haidromita ya kioo pia. Shira huwa tayari ikifika kama nyuzi nne za Selsiasi juu ya kiwango cha maji kuchemka, na kwa kuwa kiwango hicho hubadilika na hali ya hewa, Mzee alichemsha maji matupu kwanza kila siku ili ajue aanzie wapi. Halafu, baada ya vipimo vyote hivyo, alichovya upawa bapa, akauinua kwenye taa, akautazama ukitiririka. Matone. Matone. Kisha matone mawili yakashikana ukingoni, yakawa pazia moja jembamba lililoning'inia kabla ya kukatika. Akafungua bomba.

Mama wa Uvira alikuwa akitazama pipa la maji mabichi lililokuwa limejaa tulipofika, na sasa lilikuwa karibu tupu, kisha akatazama debe la shira.

"Yote ile imekuwa hii tu?" akauliza.

"Nyingine iko juu," Mzee alijibu nilipomtafsiria, akaonyesha paa.

Ukutani, kwa penseli, kulikuwa na tarehe za kuanza kupika za miaka na miaka, mwandiko wa watu tofauti. Wa Mzee ulikuwa mmojawapo. Chini ya mwaka mmoja aliandika neno moja tu: mipira.

Huo ndio mwaka alioacha ndoo. Mnamo 1959 Nelson Griggs, mtu wa Vermont, alipata hataza ya mfumo wa mipira ya plastiki inayounganisha mti na mti na kuteremsha maji hadi tangini. Mapema zaidi katika karne hiyo walijaribu mabomba ya chuma, lakini plastiki ndiyo iliyoshinda. Wageni wanaopita barabarani huisikitikia misitu iliyozungushwa mipira ya bluu, wakiulizia ndoo zilikwenda wapi. Mzee aliipandisha milimani mara tu alipopata pesa. Tangu miaka ya 1970 kuna mashine inayosukuma maji ya mti kwa nguvu kupitia utando mwembamba, maji yakapita na sukari ikabaki, hivyo sehemu kubwa ya maji inaondoka kabla kuni hazijawashwa. Aliniambia angekuwa na miaka hamsini angeinunua kesho. "Ni barafu ya Waabenaki," akasema, "ila inatumia umeme."

Asidhani mtu kwamba alipenda kila kipya. Kwenye rafu tulikuta chupa ya vidonge vya paraformaldehaidi, vilivyouzwa sana miaka ya 1960 vitumbukizwe kwenye tundu la mti ili kuua bakteria na kulifanya tundu litoe maji kwa muda mrefu zaidi. Vilifanya kazi. Pia vilizuia mti kujifunga, uozo ukaingia ndani, na baadaye Vermont ikavipiga marufuku. Chupa hiyo hakunikabidhi mimi. Aliiweka kwenye gari ili aipeleke mwenyewe penye taka za sumu.

Na hapo ndipo tukafikia rundo la mwisho, ndoo za bati za zamani zaidi, ambazo mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa amezipigia simu mapema. Zilikuwa nzuri kweli, na rangi ya kijivu iliyofifia. Mzee alinipa vijiti vya kupimia risasi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akaniambia nisugue ndani na penye lehemu. Vyote viligeuka vyekundu. Ndoo nyingi za kizazi kile zililehemiwa kwa risasi, na nyingine bati lenyewe lilipakwa mchanganyiko wa risasi. Maji ya mepo yakilala humo, hasa yakianza kuchacha siku za joto, yanaikwangua risasi, na kuchemsha kunafukuza maji peke yake. Risasi inabaki na sukari, ikiwa imekolezwa.

"Ulizitumia?" nikamwuliza.

"Wote tulizitumia," akasema, akaniletea nyundo na msumari mnene.

Kila ndoo tuliilaza juu ya gogo na kuitoboa kitako matundu matano, makubwa, yasiyozibika. Mnunuzi alifika hatujamaliza. Alishika moja, akaiinua kwenye mwanga, akaona jua limepita. Akasema atatoa nusu ya bei waliyokubaliana, maana wateja wengine hupenda kuzitumia kwa vinywaji kwenye sherehe, wanajaza barafu na chupa. Mzee akamwambia ndio hao hao aliokuwa akiwafikiria. Wakabishana kidogo juu ya usafiri, nusu ikawa nusu, na mimi nikafuta bei ya zamani kwenye orodha, nikaandika mpya, na mbele yake: ndoo za bati, zimetobolewa, hazifai kwa chakula. Mnunuzi akataka hayo maneno ya mwisho yaondolewe. Mzee akamwambia yanauzwa pamoja na ndoo.